Dumu la Mama Mkwe na Nozeli Kumi na Nne

Siku yangu ya mwisho kazini wenzangu walipika pilau, tukala chini ya bawa la ndege, wakanipa saa ya ukutani, kisha wakaniomba niseme maneno mawili. Nilisema kama manane hivi, nikakaa. Nina miaka arobaini na saba, na wapo wanaosema mtu wa umri huo hastaafu, anaacha kazi tu. Mimi nasema aliyepewa saa ya ukutani amestaafu. Mke wangu, Mama Hadija, ana neno lake la tatu: anasema nimetoroka, kama nilivyotoroka kila mahali nilipowahi kukaa zaidi ya misimu miwili ya korosho.

Hapo ana haki. Baada ya kidato cha nne nilikuwa utingo wa basi la Tandahimba, nikapanga magunia ghalani, nikauza viatu vya mitumba Lukuledi, kisha nikawa msaidizi wa fundi wa pampu za dizeli mjini Masasi. Kila mahali niliondoka mwenyewe, na kila mahali nilipopaacha nilianza kupakumbuka kabla sijafika niendako. Ni kazi moja tu iliyonishika, ikanishika miaka ishirini na tatu, nayo ni kusafisha na kupima nozeli, vile vichuma vinavyopulizia mafuta ndani ya injini ndogo ya jeti.

Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niandike jinsi mambo yalivyoanza. Naandika. Lakini msitegemee kusoma nani alipanda cheo lini. Vyeo vilipita juu yangu kama zile ndege kubwa zinazokwenda kwingine: nilizisikia tu.

Nilifika uwanja wa ndege wa Masasi asubuhi moja na mkoba wangu wa spana begani. Mlinzi alikuwa akifukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia. Ndani ya banda la mabati kulikuwa na ndege moja nyeupe, ya kuwapeleka madaktari kwenye hospitali za mbali, na chini ya pua yake alikuwepo mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu. Huyo ndiye Mama Neema, fundi mwenye leseni, binti wa mwalimu wa kanisa wa hapo hapo Masasi. Yeye ndiye aliyeandika barua hadi vidole vikauma, mpaka benchi la kupimia nozeli likaletwa kwetu badala ya ndege kungoja wiki kadhaa nozeli ziende jijini na kurudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa dizeli?"

"Ndiye mimi."

"Nozeli unazijua?"

"Nozeli ni nozeli, mama."

Alinipa moja, nyeusi kwa masizi, ndefu kama kidole cha mtoto, akasema nisafishe. Mimi nikatoa mkobani brashi ya waya na sindano, kama tulivyozoea kwenye dizeli: tundu likiziba, unalichokonoa. Kabla sindano haijafika, Mama Neema alikuwa ameshanikamata kifundo cha mkono.

"Hapo unapotaka kuchoma," alisema, "hapaingii hata ulimi wa sisimizi. Ukipapanua unene wa unywele mmoja, nozeli hii naitupa, na wewe nakutupa nayo."

"Nimefika sasa hivi tu, mama."

"Ndiyo maana bado hujatupwa."

Kisha alinikalisha kwenye kreti akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayowapa hadi leo wageni wanaouliza. Injini ile ina panga boi mbele, lakini ndani ni jeti. Inavuta hewa, inaibana, inaichoma pamoja na mafuta, na ule upepo wa moto unaotoka kwa kishindo ndio unaozungusha kila kitu. Mafuta yanaingia motoni kwa nozeli kumi na nne zilizopangwa duara, kama watu kumi na wanne waliozunguka sinia moja. Kila mmoja anatakiwa kula kwa adabu. Nozeli nzima inapuliza mafuta yawe ukungu, na ukungu unaungua sawasawa. Nozeli mbovu inadondosha au inatema, moto unakusanyika upande mmoja, na chuma cha upande huo kinaanza kuliwa bila rubani kujua. "Atajua baadaye," alisema Mama Neema, "na sitaki ajue akiwa juu ya mto Ruvuma."

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko nguvu. Unakata waya wa kufungia, unatoa nozeli moja moja, unazipanga kwa namba kwenye ubao wenye matundu kumi na manne. Ubao wetu ulichongwa na mchongaji mmoja wa Newala, ambaye aliongeza pembeni, bila kuombwa, sura ya mtu anayecheka. Mama Neema alitaka kuikwangua sura ile lakini hakuwahi kupata nafasi. Ukishazipanga unaziloweka kwenye dawa ya kulainisha masizi, unazitia kwenye beseni la umeme linalotetemeka mpaka maji yanakuwa meusi, unazisuuza, unazikausha kwa hewa ya kompresa. Hapo ndipo unazipeleka kwenye benchi.

Benchi letu halikuwa na maringo: tangi dogo, pampu ya mkono, geji, kishikio, na chombo cha kioo mbele. Ndani ya tangi tulitia mafuta ya ndege yaliyochujwa. Unapiga pampu kwa presha ndogo kwanza. Nozeli isitoe hata tone. Kisha presha kubwa, na hapo unainama na lenzi na kutazama umbo la kinachotoka.

Vitabu vilikuwa na majina yake kwa maumbo yale, nasi tulikuwa na yetu. Nozeli nzuri tuliita "ukungu wa Newala", maana aliyewahi kuamka Newala wakati wa baridi anajua: ukungu unapanda kutoka bondeni, laini, umeenea kila upande, hauna uzi hata mmoja. Nozeli yenye michirizi ndani ya ukungu tuliita "yenye ndevu". Na ile inayotoa mstari mmoja wa aibu tuliita "mkojo wa mbuzi". Jina hilo Mama Neema alilipiga marufuku mbele ya wageni, mpaka siku moja daktari mmoja wa watoto alipochungulia kwenye kioo na kulitamka mwenyewe.

Mara kadhaa kwa mwaka ndege ilikaa Newala wiki nzima na madaktari, nasi tukaifuata kwa gari na benchi letu nyuma. Nilizipenda safari hizo kuliko kitu chochote. Barabara inapanda, hewa inapoa, mikorosho inakupokea pande zote mbili. Shida yetu ilikuwa maji. Juu ya uwanda ule maji yana heshima yake, na sisi tulihitaji madumu mawili kusuuza vitu vinavyoenea kwenye sahani. Mama mmoja aliyetuletea maji alisimama akatazama mpaka mwisho.

"Maji yote yale ni kwa hivi vichuma?"

"Ni vya ndege, mama."

"Mngeniambia ni vya ndege ningewaletea nusu. Ndege hainywi chai."

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mmoja wenu amesikia kipande chake, na hakuna aliyesikia vipande vyote.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne kazini. Nilikuwa nimeoa Newala mwaka uliotangulia, mtoto wetu Hadija ana miezi michache, na mimi bado ni mkwe mbichi. Kwa wasiotoka huku niseme kidogo. Mkwe wa heshima hazungumzi na mama mkwe wake kama anavyozungumza na muuza maandazi. Unakaa pembeni, macho chini, na neno lako linabebwa na mtu wa tatu, hata kama wote mmekaa hatua tano tu. Anachokupa unakipokea kwa mikono miwili. Hukigeuzi, hukinusi, huulizi kimetoka wapi.

Tulikuwa na seti mbili za nozeli. Moja ilikaa kwenye injini, nyingine kwenye sanduku, zikipokezana. Asubuhi ile Newala tulizibadilisha: zilizokuwa sandukuni zikaingia injinini, zilizotoka nikazisafisha. Nilipotaka kuzipima nikakuta dumu letu la mafuta ya majaribio limepasuka njiani, gari linanuka kama taa. Mafuta yenyewe yalikuwepo, pipa zima la mafuta ya ndege pale uwanjani. Nilikosa chombo cha kuyabebea na kuyachujia.

Nyumbani kwa wakwe zangu palikuwa ng'ambo ya shamba moja tu. Nilikwenda, nikamweleza shemeji yangu Fatu, mdogo wake mke wangu, naye akamweleza mama yake aliyekuwa ndani ya mlango. Fatu alirudi na dumu la njano linalong'aa.

"Mama anasema mkwe asilirudishe. Amempa."

Nililipokea kwa mikono miwili. Uwanjani nililiosha kwa sabuni mara tatu, nikalinusa, likanuka sabuni. Nikachota mafuta, nikachuja, nikatia tangini. Nilipoyatazama niliona yana rangi kidogo, kama chai iliyorudiwa majani, nikasema ni njano ya dumu. Nikapima. Nozeli zote kumi na nne zilitoa ukungu. Mama Neema aliinama akazitazama moja moja, akasaini kadi ya vipimo, tukafunga sanduku.

Siku mbili baadaye ngozi ya vidole vyangu ilianza kubabuka na kuwa nyeusi. Sikujali. Ulikuwa msimu wa korosho, na wakati wa msimu vidole vya kila mtu Newala viko hivyo.

Wiki tatu zilipita. Sanduku lilikaa kwenye banda letu la mabati Masasi, joto la Oktoba likilipika taratibu. Kisha akaja mkaguzi.

Alikuwa mtu mrefu wa pwani, mpole wa sauti, na mpole wa aina hiyo ndiye wa kuogopwa. Alikuja na mfuko mmoja na kalamu mbili. Mama Neema alikuwa ameniambia mapema: wakubwa wanafikiria kulirudisha benchi jijini, na ripoti ya mtu huyu ndiyo itakayoamua. Benchi likiondoka, ndege italala chini wiki nyingi kila nozeli zikichafuka, madaktari watangoja, na wagonjwa watawangoja madaktari. Naye Mama Neema, baada ya barua zote zile, atabaki kubadilisha matairi.

Mkaguzi alisoma kadi zote, akanywa maji, akaonyesha sanduku.

"Tupime hizi."

Hata asingesema, tungezipima. Sheria ya Mama Neema ilikuwa kwamba nozeli zilizolala sandukuni haziingii injinini bila kupimwa upya. Nilizifunga kwenye benchi moja moja. Ya kwanza ukungu. Ya pili ukungu. Ya tatu ilikuwa na ndevu. Nikaifuta, nikarudia, ndevu zile zile. Ya sita, ya saba, ya kumi, ya kumi na tatu. Tano kati ya kumi na nne. Ile sura ya pembeni mwa ubao ilikuwa ikicheka.

"Nani alisaini?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Neema, kabla sijafungua mdomo.

"Nani alipima?"

"Mimi," nilisema.

"Kwa mkono wake," akaongeza Mama Neema, "na kwa macho yangu."

Tulitazama kwa lenzi. Ndani ya tundu hapakuwa na masizi. Palikuwa na utando wa kahawia, mgumu, unaong'aa kama vanishi ya kiti kipya. Mama Neema hakuwahi kuuona, wala mkaguzi.

"Kesho alasiri naondoka," alisema mkaguzi. "Nikiijua sababu, nitaandika sababu. Nisipoijua, nitaandika jina."

Wote watatu tulijua ni jina la nani, kwa sababu kwenye kadi lilikuwepo moja tu.

Tulikaa tukapitia kila hatua. Dawa ile ile ya siku zote. Beseni lile lile. Maji tuliyapima kwa ulimi. Hewa ya kompresa ilikuwa kavu. Chai ililetwa, nikashika kikombe, na mkaguzi akawa ananitazama mikono.

"Vidole vyako vimefanya nini?"

"Hii ni korosho tu," nilisema.

"Umebangua korosho?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, kama mtu yeyote wa huku angesema. Ndiyo haikutoka. Msimu ule sikuwa nimebangua hata moja. Tangu Septemba nilikuwa kazini mchana kutwa, na korosho nilizokula zilikuwa zimeshabanguliwa na mikono ya wengine.

Mkaguzi alikuwa mgeni, ikabidi nimweleze. Ganda la korosho lina mafuta mazito ya kahawia yanayochoma ngozi mpaka ibabuke. Sabuni na maji hayayatoi vizuri, mafuta ya taa, ndugu wa mafuta ya ndege, yanayayeyusha mara moja. Yakipata joto yanakauka kama vanishi. Watu wa huku huyapaka kwenye nguzo za nyumba, mchwa asiguse. Nilipofika kwenye neno "vanishi" sauti yangu ilipungua yenyewe.

Mama Neema aliweka kikombe chini.

"Baba Hadija. Siku ile Newala, mafuta yalikuwa kwenye dumu gani?"

"La mama mkwe."

"Kabla ya hapo lilibeba nini?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Mama, nilipewa na mkwe."

Alifumba macho kidogo. "Tatizo langu," alisema, "ni kwamba na mimi nisingeuliza."

Dumu lenyewe lilikuwa pembeni, tupu. Tulilinusa: harufu ya mafuta ya ndege, basi. Nilimpigia mke wangu, nikamwomba ampigie mama yake amuulize.

"Nimuulize mama kwenye simu kama dumu alilokupa lilikuwa chafu?"

"Usiseme chafu. Muulize tu lilibeba nini."

"Ni kitu kile kile kwa nguo nyingine. Nenda mwenyewe, Baba Hadija, ukae kwenye kigoda, uulize kama mtu."

Alfajiri nilipanda pikipiki. Nimepita barabara ile mara nyingi kuliko nilivyohesabu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyotamani iwe ndefu zaidi. Nilifika ukungu ukiwa bado uani. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani ya mlango akichambua kunde kwenye ungo. Fatu alikuwa katikati, kati ya jiko na sisi. Nilikaa, uso nimeugeuzia mikorosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fatu, muulize shemeji yako kama wote huko wazima."

"Wazima, shemeji?"

"Wazima kabisa. Mwambie mama, Hadija sasa anatambaa."

"Mama, Hadija anatambaa."

"Aangaliwe na moto."

Nikaona nianze kwa mbali. "Mwambie mama, lile dumu alilonipa ni imara sana."

"Mama, dumu ni imara."

"Dumu ni dumu," alisema mama mkwe.

"Mwambie halijavuja hata siku moja."

"Halijavuja, mama."

Kunde zilidondoka kwenye ungo, tap, tap. "Fatu, muulize shemeji yako, ametoka Masasi na giza kuja kuniambia dumu halivuji?"

Fatu alinigeukia na mwiko mkononi. "Shemeji, sema. Uji wangu unashika chini."

Nikasema yote, haraka, bila kupumzika. Kwamba kuna mama mmoja Masasi, mwalimu wangu wa kazi, ambaye jina lake litaandikwa vibaya leo alasiri kwa kosa langu. Kwamba namwomba mama aniambie, kabla ya kunipa dumu lile, lilikuwa limebeba nini.

Fatu hakurudia. Hapakuwa na haja. Kunde ziliacha kudondoka.

"Mwambie mkwe wangu," alisema mama mkwe polepole, "lilibeba mafuta ya maganda, ya kupaka nguzo. Nililisugua kwa mchanga na majivu siku mbili ili nimpe kitu cha kung'aa. Na mwambie, siku ile angeuliza, siku ile ningemjibu."

"Mama anasema..." alianza Fatu.

"Nimesikia," nilisema.

Mama mkwe aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na chupa ya kioevu kizito cheusi. Hakumpa Fatu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kigoda changu, akaniwekea mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake alinisemesha mimi mwenyewe.

"Chukua. Najua utauliza: ni yale yale."

Saa sita nilikuwa nimerudi bandani. Mama Neema alitia matone machache ya chupa ile kwenye mafuta safi ya ndege, yakawa na rangi ya chai iliyorudiwa majani. Akachovya kipande cha bati, akakiacha kikauke, akakishika juu ya jiko kwa koleo. Kilipopoa alikiweka chini ya lenzi, kando ya nozeli ya tatu, akamsogezea mkaguzi kiti. Utando ulikuwa ule ule. Hata mng'ao ulikuwa ule ule.

Mkaguzi alitazama muda mrefu. Kisha akafungua kalamu.

"Chombo cha mafuta ya majaribio kilikuwa kimebeba mafuta ya maganda ya korosho," alisema huku akiandika. "Sawa. Na kwa nini fundi hakuuliza chombo kimebeba nini?"

Mama Neema alinitazama. Nikaona nisiseme uongo mbele ya kipande cha bati.

"Nilipewa na mama mkwe wangu."

Kalamu ilisimama. "Alikuwepo mwenyewe?"

"Alikuwa ndani ya mlango."

Mkaguzi alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwao. "Wangu alinishonea kanzu," alisema. "Ilinifika hapa." Akaonyesha chini kidogo ya goti. "Niliivaa kwenye harusi ya shemeji yangu, mchana kutwa." Kisha akaandika, na mpaka leo sijui aliandika nini kwenye mstari ule.

Nozeli zote kumi na nne ziliingia tena kwenye dawa, mara tatu, dawa ikiwa ya moto. Mkaguzi aliahirisha kuondoka kwa saa mbili ili azione. Ya kumi na tatu, iliyokuwa na ndevu kuliko zote, aliomba kupiga pampu mwenyewe. Aliinama mbele ya kioo na miguu yake mirefu.

"Ukungu," alisema. Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Labda alilisikia tukinong'onezana.

Benchi lilibaki Masasi. Ripoti ilitutaka tununue vyombo vyetu, tuviandike majina, na tusitumie chombo chochote bila kujua kilichotangulia ndani yake. Mama Neema aliyafupisha yote hayo kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa stoo: CHOMBO HUULIZWA, HATA CHA MKWE. Maandishi hayo bado yapo, na nawaomba mkipaka rangi banda msiyafunike.

Mama Neema aliondoka kazini miaka mingi iliyopita, akaniachia lenzi yake na kamba ya kiatu. Sasa ziko kwenu, kwenye droo ya juu. Msiifute lenzi kwa shati. Mkiona ngozi ya vidole inabadilika, msiseme ni msimu, ulizaneni. Na sindano isikaribie nozeli.

Kwa upande wa mama mkwe, tangu asubuhi ile hajawahi kunipa kitu bila maelezo. Bakuli la mboga likija kwangu, Fatu analileta na taarifa: bakuli hili jana lilikuwa na samaki, limeoshwa. Kikombe cha chai: kiliwahi kuwekwa chumvi, mwaka juzi. Wageni wanadhani ni mzaha. Sisi tunajua ni heshima, imechukua njia nyingine tu.

Wiki iliyopita nilipitia Newala na pikipiki yangu, nikiwa mstaafu rasmi, nikienda kuzunguka mahali nilipowahi kuishi, kuona nani bado yupo. Mama Hadija alisema nikirudi kabla ya mvua atashangaa. Mama mkwe sasa ni mzee, anakaa mlangoni pale pale. Nilipotaka kuondoka alimwita Fatu, naye akaja na dumu dogo la njano lililojaa.

"Mama anasema ni maji ya njiani. Anasema limebeba maji, na kabla ya hayo maji lilibeba maji."

Nililipokea kwa mikono miwili. Macho yangu yalikuwa chini, kama inavyotakiwa.

"Mwambie mama," nilisema, "namshukuru. Na muulize, kabla ya hayo ya kwanza?"

Ndani ya mlango nikasikia mtu akicheka.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "kabla ya hapo lilikuwa dukani. Sasa aende."